Deni Lina Mwenyewe

Kila Jumapili hapa Mwanza, kutoka Igoma hadi Kirumba na kuvuka maji ya Ziwa Victoria mpaka Nansio kisiwani Ukerewe, Sala ya Bwana husaliwa kwa maneno mawili tofauti. Wakatoliki husema "utusamehe makosa yetu, kama tunavyowasamehe na sisi waliotukosea". Madhehebu mengi ya Kiprotestanti, yakiifuata Injili ya Mathayo kama ilivyo katika Biblia ya Kiswahili iliyotoka mwaka 1952, husema "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Kwa miaka mingi niliiona tofauti hiyo kuwa ni ya watafsiri tu. Leo naamini kwamba neno deni limehifadhi jambo ambalo mafundisho yetu kuhusu hatia yameanza kulisahau. Kosa laweza kubaki kumbukumbu ya mtu peke yake, likamsumbua usiku na kumwachia mchana. Deni haliwezi, kwa sababu deni lina mwenyewe, naye ana jina, ana mlango wa kubishiwa hodi, na mara nyingi anakikumbuka kiasi kuliko mdaiwa.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Mtu anayejuta husema dhamiri inamsuta. Kusuta si kulaumu kwa jumla. Ni kumwendea mtu na kumkabili uso kwa uso, aghalabu mbele ya mashahidi, kwa jambo alilolitenda akidhani halitajulikana. Dhamiri inayosuta, basi, inafanya kazi ya mlalamikaji ambaye hayupo. Imesimama mlangoni badala yake, na ndiyo maana hainyamazi kwa kuimbiwa wala kwa kukemewa, kwa kuwa shauri lenyewe si lake.

Nasema haya kwa sababu nimewahi kusutwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, nilipomaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea na masomo, nilipata kazi ya ukarani wa mizani kwa mfanyabiashara wa dagaa katika mwalo mmoja wa huku kwetu. Akina mama walileta magunia ya dagaa wakavu kutoka visiwani, wakiwa wamelala usiku kucha juu ya mizigo yao ndani ya boti, na mimi ndiye niliyesoma mzani na kuandika kilo daftarini. Gunia la kilo 52 niliandika 48. Nikiulizwa, nilijibu kwamba nimetoa uzito wa gunia na unyevu. Tajiri wangu aliijua tofauti hiyo, na kila mwisho wa juma alinipa fungu langu. Kilo 4 katika gunia moja ni kitu kidogo, lakini kwa mama anayeleta magunia 3, mara 2 kwa mwezi, kwa miaka 2 na nusu, ni kilo 720. Hesabu hiyo sikuifanya wakati ule. Niliifanya baadaye sana, nikiwa nimeoa, nilipoona ada ya shule ya mwanangu inavyotafutwa.

Mwaka 2003 niliokoka, wala siuonei mashaka wokovu huo. Machozi yalikuwa ya kweli na maisha yangu yalibadilika. Nilitoa zaka, nilifunga, niliimba kwaya. Hata hivyo, kila tulipofika kwenye "deni zetu", ulimi ulikuwa mzito. Nilikwenda kuombewa, nikaambiwa kwamba hali ile ni roho ya hatia iliyotumwa kunirudisha nyuma, ikakemewa kwa sauti kubwa. Safari nyingine nilielekezwa kutoa sadaka maalumu ya kufunguliwa kutoka katika mambo ya kale, nami nikaitoa. Nilipata nafuu kwa wiki mbili, kisha nikaamka saa tisa ya usiku nikiuona mzani.

Sidharau maombi ya mkesha. Mtu aliyelemewa anahitaji kulia na kuimba pamoja na wenzake, na wengi hapa Mwanza wangekuwa wamezama kabisa kama si mikesha hiyo. Ninachokipinga ni fundisho linaloichukulia kila hatia kuwa ni ugonjwa wa hisia, ambao dawa yake ni kujisikia vizuri. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho barua yake ya pili, alitenganisha huzuni mbili: "huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu hufanya toba liletalo wokovu lisilo na majuto; bali huzuni ya dunia hufanya mauti." Hakusema kwamba huzuni yote inatoka kwa adui. Ikiwa mtu ameiba, na anahuzunika kwa kuwa ameiba, hiyo ni afya ya roho yake ikianza kurudi, na anayeikemea anamnyang'anya mgonjwa dalili ya kwanza ya kupona.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja mwenyeji wa Kagera, mtu wa Uamsho. Vijana wengi hawaujui tena Uamsho wa Afrika Mashariki, ule mwendo wa toba na wokovu ndani ya makanisa, ingawa ni sehemu ya historia ya ziwa hili. Mwaka 1929, katika kilima cha Namirembe jijini Kampala, daktari mmisionari Joe Church na Simeon Nsibambi, Mganda, walikutana na kusali pamoja, na katika miaka ya 1930 moto ulioonekana kwanza Gahini, nchini Rwanda, ulienea Uganda na kuifikia Kagera, ukawagusa Waanglikana na Walutheri. Watu wa Uamsho walijulikana kwa mambo mawili, nayo yalikwenda pamoja: waliungama dhambi zao kwa kuzitaja, na walirudisha walichokichukua. Mzee wangu hakuwa kipofu kwa upungufu wa mwendo huo. Aliniambia kwamba maungamo ya hadharani wakati mwingine yaliwavunjia heshima watu ambao hawakuomba kutajwa, hasa wanawake, na kwamba wako walioungama ili waonekane. Lakini alilishika jambo la kurudisha kama mtu anavyoshika kamba ya mtumbwi.

Nilimsimulia habari za mzani. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza, "Mwanangu, hao akina mama wana majina?"

Nikamjibu, "Wawili nawakumbuka, mzee."

"Basi kwangu umekuja kutafuta nini?"

Hakulisema kwa ukali. Aliniombea, akaniahidi kwamba siku nitakayosafiri kwenda kwao atafunga kwa ajili yangu, naye alifunga. Lakini swali lake lilinirudisha kwenye Maandiko niliyokuwa nimeyapita mara nyingi bila kuyaona.

Kitabu cha Hesabu, sura ya 5, kinaagiza kwamba aliyemkosa mwenzake aungame, arudishe kitu kwa ukamilifu wake, aongeze sehemu ya tano, na kumpa yule aliyemkosa. Ikiwa huyo hana jamaa wa karibu wa kurudishiwa, hapo ndipo kitu kile kinakuwa cha Bwana, mikononi mwa kuhani. Utaratibu huo una maana kubwa: madhabahu ni mahali pa mwisho pa kupeleka mali ya mtu mwingine, baada ya kumtafuta mwenyewe na ndugu zake bila mafanikio. Sisi tumeupindua. Tumeyafanya madhabahu mahali pa kwanza, na kwa wengi mahali pekee, kiasi kwamba mtu anaweza kumdhulumu mjane Jumatano na kutoa fungu la kumi la dhuluma hiyo Jumapili, akaondoka ametulia. Bwana Yesu mwenyewe alimwamuru mtu aliyekwisha kufika na sadaka yake aiache mbele ya madhabahu, aende akapatane kwanza na ndugu yake, kisha arudi.

Zakayo, yule mtoza ushuru wa Yeriko, alilielewa hili kuliko wahubiri wengi. Katika Luka sura ya 19 anaahidi mambo mawili, nasi huyachanganya kuwa moja. Nusu ya mali yake anawapa maskini. Na ikiwa amenyang'anya mtu kitu kwa hila, anamrudishia mara nne. Ukarimu kwa maskini hakuuhesabu kuwa malipo kwa waliodhulumiwa. Maskini wa Yeriko hawakuwa na risiti ya kumsamehe kwa niaba ya watu wengine. Kanisa Katoliki nalo halijaliacha fundisho hilo: Katekisimu yake, katika namba 1459, inasema wazi kwamba ondoleo huiondoa dhambi lakini halitengenezi madhara yote iliyoyaleta, na kwamba aliyeiba hana budi kurudisha kadiri inavyowezekana.

Hapa lazima nijibu pingamizi ambalo msomaji wa Kiinjili amekwisha kuliandaa, nalo ni zito. Je, si kuurudisha wokovu wa matendo? Je, si kumwambia mwenye dhambi kwamba damu ya Kristo haitoshi mpaka aongeze magunia ya dagaa juu yake? Hapana, na jibu limo katika mpangilio wa simulizi lenyewe. Zakayo hakulipa ili Yesu aingie nyumbani mwake. Yesu alimwambia ashuke upesi, kwa kuwa leo imempasa kushinda nyumbani mwake, wakati hakuna hata senti moja iliyokuwa imerudishwa, na umati uliokuwa ukitazama ulinung'unika kwa sababu hiyo hiyo. Neema ilitangulia, na kurudisha kulitoka ndani yake. Msamaha wa Mungu haukumpa Zakayo ruhusa ya kuwakwepa aliowadhulumu, bali ulimpa miguu ya kuwaendea. Kabla ya neema, mtu hawezi kwenda, kwa sababu akienda anakwenda kuhukumiwa na hana mahali pa kurudi. Baada ya neema, hata akifukuzwa mlangoni, anaye Baba wa kumrudia.

Simulizi la Petro laonyesha jambo hilo kwa namna ambayo sisi wa ziwani tunapaswa kuielewa upesi. Yohana anataja moto wa makaa mara mbili tu katika Injili yake. Mara ya kwanza ni uani kwa kuhani mkuu, usiku wa baridi, Petro akiota moto pamoja na watumishi huku akimkana Bwana wake. Mara ya pili ni alfajiri, kando ya bahari ya Tiberia, ambayo ni ziwa kama letu ingawa dogo sana, wavuvi wakirudi kutoka kazini na kukuta makaa yamewashwa, samaki juu yake, na mkate. Yeyote aliyewahi kusimama mwaloni kabla ya jua kuchomoza, boti zikiingia na moshi ukipanda, anajua jinsi harufu inavyomrudisha mtu mahali. Yesu angeweza kumwita Petro pembeni, mbali na moto. Badala yake aliuwasha mwenyewe, akasema "Njoni mfungue kinywa", akawalisha, na ndipo akauliza mara tatu juu ya upendo, hata Petro akahuzunika. Chakula kilitangulia swali, lakini swali halikuachwa. Tena hakuna mahali katika sura hiyo Yesu anaposema "nimekusamehe". Anampa kazi ya kulisha kondoo zake, na mwenye akili anajua kwamba hakuna anayekabidhi kundi lake kwa mtu ambaye bado anamwekea kinyongo.

Pingamizi jingine hutoka katika Zaburi ya 51, ambapo Daudi, baada ya kumchukua Bathsheba na kumwua Uria, anamwambia Mungu, "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako." Wengi hulikimbilia neno hilo: ikiwa Daudi alimaliza na Mungu pekee, kwa nini mimi nisimalize hivyo? Lakini Uria alikuwa kaburini. Daudi hakuwa na mlango wa kubishia hodi. Wala nabii Nathani hakumjia na hoja ya jumla kuhusu utakatifu. Alimjia na habari za maskini mwenye mwana-kondoo mmoja, aliyemlisha kwa chakula chake na kumlaza kifuani mwake, hata Daudi akawaka hasira na kutaka mwizi arudishe mara nne, asijue kwamba anajihukumu. Zaburi ile ni kilio cha mtu ambaye mdai wake hawezi tena kulipwa. Kuigeuza kuwa njia ya mkato kwa mtu ambaye mdai wake yu hai, naye anakaa mtaa wa pili, ni kuitumia vibaya.

Hata hivyo, si kila anayesutwa anadaiwa, na katika mji huu ni lazima tuliseme hilo kwa upole. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza na kuua mamia ya watu, na makaburi ya wengi wao yako Igoma. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara, wakafa zaidi ya watu 220. Kila msiba wa namna hiyo huacha nyuma watu wanaojihukumu bila kosa: aliyemkatia mama yake tiketi, aliyemwachia ndugu nafasi yake, aliyeogelea akatoka na kuukosa mkono uliokuwa ukimshika. Kumwambia mtu kama huyo "Mungu amekusamehe" ni kumwumiza mara ya pili, maana neno hilo lamthibitishia kwamba alikosa. Yesu alipoletewa habari za msiba wa wakati wake aliwataja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akakataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wengine. Deni lisilo na mwenyewe si deni. Mtu huyo hahitaji toba, anahitaji kuombolezewa na kuambiwa ukweli mara nyingi kadiri atakavyouhitaji, na ikiwa usingizi umemkimbia na tamaa ya kuishi imepungua, ahudhurie hospitali bila aibu, kwa kuwa daktari naye ni mkono wa Mungu.

Yako pia madeni ambayo kanisa halina haki ya kuyafunga kimyakimya. Kanda ya Ziwa imetiwa doa na mauaji ya vikongwe waliotuhumiwa uchawi kwa macho mekundu waliyoyapata jikoni kwenye moshi, na mauaji ya watu wenye ualbino. Aliyeshiriki damu hiyo, au aliyemharibu mtoto, akija kuungama, apokewe kama Zakayo alivyopokewa, kisha asindikizwe kuukabili mkono wa sheria. Vivyo hivyo tusimsukume aliyeumizwa. Nimesikia mwanamke aliyepigwa akiambiwa na wazee wa kanisa asamehe saba mara sabini jioni ile ile, na mumewe ameketi pale bila kuombwa hata neno moja. Amri ile alipewa Petro alipouliza kuhusu wadeni wake. Haikuwekwa mikononi mwa mdaiwa aitumie kama fimbo. Kusamehe ni wajibu wa Mkristo, lakini mkosaji hana mamlaka ya kupanga tarehe.

Siku hizi kuna neno jipya linalozunguka katika semina, la kujisamehe. Nalielewa nia yake, lakini siliamini. Hakuna awezaye kuwa mdai na mdaiwa wa deni lile lile. Mtume Yohana haelekezi moyo unaotuhukumu ujifariji wenyewe. Anasema kwamba Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu, naye anajua yote. Katika maneno hayo nimepata pumziko ambalo kujisamehe hakukunipa, kwa kuwa anayejua kilo zote 720, na zile nisizozikumbuka, ndiye aliyeniita mwana.

Linalonitia hofu zaidi ni habari ya Yuda, nayo ni hofu kwa ajili yetu tunaosikiliza maungamo. Twasahau kwamba Yuda alijuta, akavirudisha vile vipande thelathini vya fedha, na akaungama kwa kinywa chake kwamba amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Aliwaungamia makuhani, watu ambao kazi yao ilikuwa kumpokea mwenye dhambi, nao wakamjibu, "Basi, haya yatupasani sisi?" Kilichofuata kinajulikana. Petro alisubiri mpaka alfajiri ya ziwani, Yuda hakusubiri. Lakini nashindwa kuisoma sura ile bila kuuliza ni wangapi wamefika kwenye milango yetu na fedha mkononi, nasi tukawapa jibu la wale makuhani, au tukazipokea fedha na kuwaacha waende.

Kati ya akina mama wawili niliowakumbuka, mmoja alikuwa amekwisha kufariki. Binti yake alizipokea fedha akilia, akanishukuru kwa kuwa nilimfahamu mama yake, jambo lililonichoma kuliko laana. Kwa wale ambao sura na majina yamenipotea, nimeifuata Hesabu sura ya 5. Wa pili nilimkuta Ukerewe, nyumbani kwake, mbali kidogo kutoka Nansio. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, kwa sababu hakunikaribisha kiti. Alizihesabu noti mbele yangu, moja moja, akazifunga kwenye pindo la kanga.

"Hela yangu nimeipokea, karani," alisema. "Hilo lingine usiniharakishe."

Nikamjibu, "Nimekuelewa, mama."

Nilipogeuka kuondoka alimwita mjukuu wake, akamtuma aniletee maji ya kunywa, kwa kuwa jua lilikuwa kali na gati lilikuwa mbali.